Herufi Moja

Mimi ni seremala, Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga.
Mkono huu umezoea futi kamba kuliko kijiko:
kitanda tano kwa sita, kabati la vyombo, dirisha,
na siku za msiba, sanduku,
ambalo kipimo chake huja kimeandikwa kwenye kiganja cha mtu.

Kwa hiyo Aikande alipofika miezi minne
nilikuwa nimeshampima mara nyingi, usiku, mama yake amelala.
Kiwiliwili sawa. Mkono ukiunyoosha unaishia kiunoni.
Paji la uso limetokeza, na hapo nilijifariji:
ni la babu yangu.

Maneno yalikuja yenyewe, hayakuhitaji nauli.
Shangazi aliuliza mke wangu alimcheka nani akiwa mjamzito.
Jirani alishauri mtori wa mifupa, asubuhi na jioni.
Mzee wa kanisa aliomba kwa sauti kubwa mno.
Mimi nilinyamaza,
na Ndeonasia akasikia katika ukimya wangu shtaka.

Hospitali ya rufaa, daktari mwenye sauti kavu
hakuanza na pole. Alichora mfupa
nyuma ya karatasi ya kipimo cha damu.
"Hapa mwishoni kuna gegedu, laini kama ya sikio lako.
Hiyo ndiyo inayoota kwanza, kisha hugeuka mfupa.
Mwili una kitabu cha maelekezo, herufi zake bilioni tatu.
Kwa huyu imegeuka moja."

Moja tu?

"Moja. Chukulia palipoandikwa *kua*
pakasomeka *tua*."

Niliuliza nikitazama viatu vyangu: imetoka kwangu, au kwa mama yake?
"Hamkuwa nayo. Imeanza naye, mpya.
Mara nyingi huwa hivyo, kwa wazazi warefu,
wanaosali na wasiosali."
Ndeonasia akalia. Hakulia kama mwenye msiba,
alilia kama mtu aliyetuliwa ndoo
baada ya kupanda nayo mlima peke yake.

Kisha yakaja ya kazi.
Msimkalishe kabla mgongo haujakaza.
Shingo ishikwe. Sikilizeni anavyopumua usingizini.
Masikio yakitoa usaha mje, msingoje Jumatatu.
Kichwa tutakipima kila mwezi.
Na akili, akagonga mchoro kwa kalamu, akili haimo humu.
Humu ni mifupa.

Kua, tua. Niliyasema hayo hadi nyumbani
na usiku ule sikuchukua futi kamba.

Sasa yuko darasa la tatu.
Wapo wanaomwita andunje; mmoja aliulizwa tebo ya saba
palepale, mbele ya watu, akapotelea kwenye tano.
Sokoni Kiborloni mama mmoja alimpapasa kichwa
kama apapasaye parachichi.
Aikande akamwuliza kama ananunua.

Siku nyingine hacheki. Miguu humuuma jioni,
naikanda kwa maji ya moto, hatusemi kitu.

Nilimtengenezea vigoda. Cha jikoni, cha chooni, cha kanisani,
kimoja cha mninga nilichokipiga msasa siku mbili nzima.
Jumamosi moja alisimama mlangoni,
akalitazama komeo lilipo,
akanitazama mimi na kigoda kipya mkononi.
"Baba, mbona kila siku unaniongeza mimi?
Shusha komeo."

Lilishuka kwa bisibisi na dakika sita.
Matundu ya zamani niliyaziba kwa gundi na unga wa mbao;
rangi haikufanana, yanaonekana mpaka leo.
Shangazi akija kututembelea
huhangaika wakati wa kutoka, anapapasa pale juu.
Tunamwacha kidogo.
Halafu Aikande humfungulia.